Namba Zilipokatazwa Kwenye Foni

Kabla hazijakatazwa, tulikuwa tumesumbuka karibu mwaka mzima kuzipanga zile namba. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakisimulia miaka ile huanzia kwenye bunduki, na mimi sina habari ya bunduki ya kusimulia. Nilikuwa mwendeshaji wa foni. Ndivyo sisi tuliolelewa Kongo tulivyoiita redio ya masafa marefu, ile ya kubonyeza kitufe na kusema, kisha kuachia na kusikiliza. Chumba changu kilikuwa nyuma ya hospitali, hapa Cyangugu, upande unaotazama ziwa na nyumba za Bukavu zilizopanda mlima ng'ambo.

Sikuisomea kazi hiyo. Bukavu nilikuwa nikitengeneza redio za watu, na elimu yangu niliitoa kwenye vitabu vya Kifaransa nilivyonunua sokoni vikiwa havina majalada. Tuliporudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, hospitali ilihitaji mtu anayejua kufunga antena na kutunza betri. Wenye vyeti walikuwa wamekufa au wamekimbia. Nikachukuliwa mimi.

Vituo vya afya vya milimani havikuwa na daktari. Hospitali ilikuwa na daktari mmoja na gari moja. Asubuhi na alasiri, manesi wa vituo waliingia hewani mmoja baada ya mwingine, wakanisomea hali ya wagonjwa wao: joto, mapigo ya moyo, kupumua, presha. Nilimpelekea daktari, naye akaamua nani abadilishiwe dawa, nani anyweshwe maji, nani afuatwe na gari. Kwa njia hiyo aliwachunga watu ambao hakuwahi kuwaona uso.

Tabu ni kwamba kila kituo kilikuwa na shirika lake la msaada, na kila shirika lilikuja na karatasi yake na desturi yake. Huyu alianza na joto, yule alianza na presha. Nesi aliyefunzwa kwa Kifaransa alisema presha ni kumi na nne kwa tisa. Aliyefunzwa na watu wengine aliisoma presha hiyohiyo kuwa mia moja arobaini kwa tisini. Hilo mtu angeweza kulizoea. Joto ndilo lilikuwa balaa. Wengine walipima kwapani, wengine kwa njia ya haja kubwa, na kati ya waliopima kwapani wapo walioongeza nusu digrii kabla ya kunisomea, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Daktari naye, akidhani hawajaongeza, aliongeza ya kwake. Mtoto mwenye homa ya kawaida alimfikia daktari akiwa anaungua.

Mimi na daktari tuliandika utaratibu mmoja kwa vituo vyote. Mpangilio mmoja, kipimo kimoja, mahali pamoja pa kupimia. Daktari alijua maana ya vipimo, mimi nilijua jinsi sauti inavyopotea hewani na namba gani husikika vibaya ikisemwa haraka. Tulibishana sana, na alikuwa mtu wa kubishana naye vizuri, kwa sababu akishindwa alikubali na akishinda hakucheka. Sharti la kwanza tuliliandika hivi: Soma ulichokiona kwenye kioo cha kipimo. Usiongeze, usipunguze, usieleze.

Manesi walinung'unika. Mmoja alisema tunataka kuwafanya kasuku. Lakini walizoea, na kwa miezi kadhaa kazi ile ilikwenda kama inavyotakiwa. Namba zilishuka kutoka milimani zikiwa zimenyooka, na daktari alizisoma kama mtu asomaye gazeti.

Kisha vita ya pili ikaanza ng'ambo. Daraja la Rusizi likawa leo limefungwa, kesho limefunguliwa nusu siku, na huku kwetu kulikuwa na waliovuka kupitia misitu kuja kuua. Barabara ya kupanda milimani ilitumiwa asubuhi tu, kwa kusindikizwa.

Siku moja afisa wa jeshi anayehusika na mawasiliano ya eneo alikuja chumbani kwangu pamoja na watu wake wawili. Alikuwa mpole. Alivua kofia, akaomba kiti. Akatueleza, mimi na daktari, kwamba watu wake husikiliza hewa yote, na kwamba kila asubuhi wanasikia namba zikishuka kutoka mlimani, na alasiri tena, kwa mpangilio uleule. Alitaka kujua nani anahesabu nini. Daktari alimletea karatasi za wagonjwa, akamwonyesha safu ya joto na safu ya presha. Afisa alizitazama kwa makini kuliko nilivyotarajia, akazirudisha.

"Dokta," akasema, "hata mimi, kama ningekuwa adui, ningesema ni homa."

Daktari alizikunja karatasi zake. Kilichoniuma, na kinaniuma hata leo, ni kwamba mtu yule hakuwa mjinga. Namba zetu zilikuwa zimepangwa vizuri mno. Zamani, kila nesi alipojisemea kwa mtindo wake, hakuna aliyetushuku.

Alitoa amri. Namba ni marufuku hewani. Atakayezisema, foni yake itachukuliwa, na za vituo vingine pia. Daktari aliuliza tutajuaje basi hali ya wagonjwa.

"Semeni kwa maneno," afisa akasema. "Mtu akiumwa si anaonekana?"

Mmoja wa watu wake akacheka. Afisa hakucheka. Alikuwa amesema alichoamini.

Tukakaa tena chini, mimi na daktari. Tukachagua maneno manne ya kila siku, na kila neno tukalifunga kwa vipimo. Nesi angepima kama zamani, angetazama kwenye jedwali letu namba zake zinaangukia wapi, kisha angesema neno tu. "Anaendelea" ilikuwa ya mgonjwa asiye na shaka. "Anakaa" ilikuwa ya yule ambaye habadiliki. "Anavumilia" ilikuwa ya anayeanza kushuka, wa kutazamwa tena alasiri. Neno la nne lilikuwa la kuitia gari, na tulikuwa tumeandika "hali nzito". Orodha ikapelekwa kwa afisa ili aidhinishe. Ikarudi na mstari umekatwa. Aliuliza nzito ni nini, silaha? Tukaweka "amelemewa". Hilo akalipitisha.

Kwenye karatasi utaratibu ule haukuwa na kasoro. Nimeupitia kichwani mara nyingi tangu wakati ule na bado sioni kasoro ndani ya karatasi.

Lakini vituoni hakuna aliyesema amelemewa. Wiki zilipita. Watu walikufa milimani, na jana yake nesi alikuwa amesema anakaa. Mtu asiyeishi nasi anaweza kudhani ni uzembe. Haikuwa hivyo. Foni ya kituo huwekwa dirishani, kwa ajili ya waya wa antena, na nje ya dirisha kuna baraza, na barazani wanakaa ndugu za wagonjwa mchana kutwa. Wanasikia kila neno. Na kwetu, ukiulizwa habari ya mgonjwa unajibu *araho*, yupo. Anaweza kuwa amebakiza pumzi mbili, bado yupo. Kusema wazi mbele ya mama yake kwamba ameshindwa ni kama kumsukuma, na akifa watakumbuka kinywa kilichotamka kwanza.

Tuliwaita manesi mjini tukawaeleza upya. Waliitikia kwa vichwa, wote. Mkubwa wao kwa umri alikuwa nesi wa kituo kilichoko juu, kupita Nyakarenzo. Tulimwita Maman tu. Alikuwa amezalisha nusu ya mlima ule, naye alilelewa Kongo kama sisi, upande wa Uvira. Wenzake walipotoka, yeye alibaki mlangoni.

"Papa," aliniambia, "wakati wa namba si miye nilikuwa nasema. Ni mashine njo ilikuwa inasema. Ile neno ni miye nasema, na mama ya muntu eko pale ananiangalia kinywa."

Nilimjibu kwamba neno lile si lake, ni la jedwali. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kutembea, akafunga kitambaa chake, akaenda kutafuta gari la kupanda.

Baada ya hapo daktari alianza kusikiliza sauti. Alikuja chumbani kwangu wakati wa zamu ya vituo, akasimama nyuma yangu, na nesi aliposema anakaa, yeye alisema, huyu anaficha, amevuta pumzi kabla ya kusema. Akatuma gari. Lilifika likakuta mgonjwa anamenya ndizi, na nesi ana mafua. Siku ileile kituo kingine kilihitaji gari likawa halipo. Ilitokea tena, kwa namna nyingine. Kila nesi alishusha neno kwa kiasi chake. Mmoja alishusha hatua moja, mwingine mbili, na mmoja hakushusha kabisa, ila alizungumza kwa huzuni hata aliposema habari za mvua.

Mimi ndiye niliyemwambia daktari tuache. Nilimwambia kwamba tukianza kusikiliza sauti, gari litakwenda kwa nesi ambaye sauti yake tunaijua, na wengine watabaki. Neno liwe neno. Likiwa si la kweli, kosa litajulikana liko wapi na litarekebishwa hapo. Tukikisia, hakuna atakayejua kosa liko wapi. Daktari alikubali. Tukaandika hivyo pia. Bado nasema ilikuwa sheria sahihi, na sitabadili kauli hiyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mimba. Sisi ni wawili tu tuliobaki kwa mama yetu. Aliolewa na mfanyabiashara wa sabuni, ambaye wakati huo alikuwa amekwama Bukavu, na mdogo wangu aliishi kwa mama mkwe wake, kwenye mlima ule wa Maman. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, naye hakuwa tena msichana. Miguu ilipoanza kuvimba, Maman alimlaza kituoni ili ampime kila siku, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wale ninaosomewa. Nilijaribu kumleta mjini. Mama mkwe alisema mtoto wa mwanawe atazaliwa nyumbani kwao. Ni haki yake, na barabara ilikuwa na hatari yake.

Basi nikawa namsikia mdogo wangu kwa neno moja asubuhi na neno moja alasiri. Anaendelea. Anaendelea. Kisha ikawa anakaa, na ikabaki hapo kwa muda. Nilikuwa nikiandika neno lake kama nilivyoandika ya wengine na kulipeleka pamoja nayo.

Asubuhi moja Maman aliingia hewani, akasoma wagonjwa wake, na alipofika kwa mdogo wangu akasema, "Anavumilia."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Sauti haikutetemeka, haikuvuta pumzi. Lakini nilimjua mwanamke yule. Nilijua kwamba tangu amri itolewe hajawahi kusema anavumilia kwa mtu ambaye alasiri yake alikuwa mzima. Kwake, baada ya neno lile hakukuwa na neno jingine.

Nikabonyeza kitufe. "Maman, umeona nini kwenye kioo?"

Ulisikika mvumo wa hewa tu. Nyuma yake nilisikia watu wa barazani wakizungumza.

"Papa," akasema, "tumekatazwa."

Kabla sijasimama, kituo cha tambarare ya Bugarama kiliingia. Nesi wa kule alikuwa kijana, Mwislamu, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alisema ana mtu wa kiwanda cha saruji, mguu umepondwa na jiwe tangu jana, sasa ana homa na presha inaanguka. Alisema neno bila kusita: amelemewa. Baadaye nilikuja kujua kwa nini lilimtoka kwa urahisi. Mgonjwa yule alikuwa amekuja kutafuta kazi kutoka mbali, na hakuwa na ndugu hata mmoja barazani.

Nilikwenda kwa daktari na maneno mawili. Gari lilikuwa limewashwa uani, wasindikizaji wamekwisha panda. Bugarama ni kushuka, Nyakarenzo ni kupanda, na gari lingekwenda njia moja tu kabla barabara haijafungwa. Nilimweleza yote niliyoyajua kuhusu Maman na neno lile. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, kule juu amesema nini?"

"Anavumilia."

"Na Bugarama?"

"Amelemewa."

Alilitazama gari uani. "Unataka leo nisikilize sauti?"

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Aliningoja. Kama ningesema ndiyo, nadhani angelipandisha gari. Dereva alipiga honi, daktari akatoka, na nikaliona gari likikunja kushoto, kuelekea tambarare.

Alasiri Maman hakuingia hewani. Baadaye alituma mtu kusema betri imekufa, na ilikuwa kweli, niliibadilisha mwenyewe.

Kesho yake asubuhi tulipanda. Tulimkuta mdogo wangu sakafuni, juu ya mkeka, wamemwekea kijiko kati ya meno. Kifafa cha mimba kilikuwa kimemkamata tangu jioni, kikimwachia na kumrudia. Mama mkwe alikuwa pembeni, na nilipomsalimu alinijibu *ni amahoro*, ni amani. Tulimshusha. Hospitali walimtoa mtoto, wa kiume, hakulia. Yeye mwenyewe alizinduka baada ya siku kadhaa, mkono wa kushoto ukiwa hauinuki, na upande ule wa uso umeshuka.

Amri ya namba haikufutwa kamwe kwa maandishi. Afisa alihamishwa, aliyemfuata hakuuliza, na nesi mmoja siku moja alisahau akasoma presha. Hakuna kilichotokea. Kufikia mwisho wa mwezi wote walikuwa wamerudi kwenye namba. Miaka ya baadaye walikuja watu wa semina, wana projekta na maji ya chupa, wakatuuliza ni vikwazo gani vilizuia vituo kupeana takwimu za wagonjwa. Nilitaja betri, antena, vipimo visivyolingana, ile nusu digrii. Waliandika yote. Walinishukuru.

Mdogo wangu anaishi kwangu. Mumewe alivuka daraja lilipofunguliwa, akakaa msimu mmoja wa kupanda, akarudi kwenye sabuni zake, na nasikia ana watoto huko. Maman huja kumtembelea, hata sasa akiwa amestaafu na anatembea kwa fimbo. Kwa miaka mingi, nilipomsikia uani nilitokea mlango wa nyuma. Nilikuwa nimempa yeye lile jambo lote alibebe. Afisa alikuwa amekwenda, daktari alikuwa amekwenda, Maman alikuwepo.

Siku moja nilirudi yeye akiwa ameondoka tu, na mdogo wangu alikuwa amekaa akichambua maharage kwa mkono wake mmoja.

"Yaya," akaniambia, kama tulivyozoea kumwita kaka kule Kongo, "ule maman unamufanyia vibaya bure."

Nilimwambia anajua sababu.

"Alikuwa na ile neno mu kinywa. Miye njo nilimukatalia. Nilikuwa nalala pale nyuma ya dirisha, nikamuambia, usiseme. Ni yaya njo eko ku foni. Atasikia aje ile mambo, peke yake kule?"

Nilimuuliza kama alijua hali yake ilikuwaje. Alisema ndiyo, Maman alimwonyesha mshale wa kipimo cha presha.

"Nilijua weye utaelewa," akasema. "Hata akisema neno kidogo, utaelewa, utatuma gari."

"Nilielewa," nikamwambia.

Aliacha maharage. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamweleza, kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa: amri, maneno manne, daktari na sauti, sheria tuliyoiandika na sababu yake, mtu wa saruji asiye na ndugu, gari na njia zake mbili. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja tu, kama yule mtu wa Bugarama alipona.

Nilimwambia alipona. Walimkata mguu chini ya goti, na nimewahi kumwona sokoni akiuza chumvi.

"Ni muzuri," akasema.

Nilimtazama nijue amesema vipi. Upande wa uso uliokuwa kwangu ulikuwa ule wa kushoto, usioonyesha kitu tena, na ule mwingine ulielekea ukutani.